Bibi Ananiita Mgeni, Mjukuu Wake Yumo Kwenye Simu

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla sijapanda ndege kurudi, na nianze na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata mama aliyenizaa: naiogopa sauti yangu mwenyewe. Si hii ninayoongea nayo sasa, ni ile niliyokuwa nayo utotoni, kwa sababu bado ipo, inaishi kwa bibi yangu na kuzungumza naye kila jioni, na mimi niliyekuja kumtembelea nimekuta nafasi yangu imejaa.

Nina miaka kumi na sita, nasoma sekondari ng'ambo, ni mtu wa vitabu na kusema mbele ya watu kunanitoa jasho, ndiyo maana naandika. Nimekuchagua wewe wa gazetini nikawaacha wale wa redioni kwa sababu bibi husikiliza redio kutwa, na gazeti hawezi kulisoma, presha ya macho ilimmalizia uwezo wa kuona muda mfupi baada ya sisi kuhama.

Bibi alikuwa fundi cherehani na ndiye aliyenilea nikiwa mdogo, na macho yake yalipoanza kufifia mimi ndiye niliyekuwa nikimtungia uzi kwenye sindano, naulamba, naupenyeza, halafu nafunga fundo mwishoni, na kwa kuwa sikujua kufunga fundo dogo nilizungusha na kuzungusha mpaka likawa kama punje ya mtama, naye alicheka na kuniuliza, "Mume wangu, tunashona au unafunga mbuzi?" Aliniita mume wake kama bibi wanavyowatania wajukuu, na mimi sikuwahi kubisha hodi kwake, niliingia tu kwa mlango wa jikoni na kusema, "Bibi, ni mimi," naye alijibu, "Mimi nani? Haya, ingia, mimi."

Tulipohama nilimtumia ujumbe wa sauti karibu kila siku kupitia simu ya mama mdogo, yaani mdogo wake mama, anayekaa naye. Kisha sauti yangu ikaanza kukwaruza, ikashuka, ikawa nzito, wenzangu darasani wakanibandika jina la Trekta, nikaona haya, nikaacha kurekodi nikawa naandika tu, na mama akisema mpigie bibi yako nilisema kesho, na kesho haina mwisho.

Likizo hii mama hakupata ruhusa kazini, nikaja peke yangu. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa kwa komeo, nikazunguka mbele na begi langu, na kabla sijagonga nikasikia mtoto anaongea sebuleni.

"Bibi, ni mimi. Umekula?"

"Nimekula, mume wangu. Na wewe?"

"Nimekula, nimeshiba. Bibi, jino limeng'oka!"

"Hee! La juu au la chini?"

"La chini."

Mshauri, mtoto yule hakufanana na mimi, alikuwa mimi, na kati ya maneno yake paliachwa nafasi ya bibi kujibu, hakuna aliyemkatiza mwenzake, ilikuwa kama wamekaa mkeka mmoja. Nikasema, "Hodi." Lilikuwa neno ambalo sikuwahi kulitamka mlangoni pale, na lilipotoka na sauti hii nzito mle ndani kukawa kimya, hata yule mtoto akanyamaza.

Mama mdogo alifungua akiwa na simu mkononi, akanitazama kama mtu aliyefumaniwa.

"Nani huyo?" bibi akauliza.

"Mgeni, mama."

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, baba. Mpe mgeni kiti, asisimame kama nguzo."

Jikoni mama mdogo alinishika mkono na kuninong'oneza kwamba nilipoacha kutuma sauti bibi alisusa chakula, ikabidi amwekee zile za zamani, fupifupi, moja baada ya nyingine, kama vile zimeingia siku hiyo, na bibi akala. "Sasa wewe ungefanyaje?" akaniuliza.

"Lakini mimi nipo, mama mdogo."

"Upo, sikatai. Ila anayemngoja si wewe, ni yule. Nikimwambia yule hayupo tena, nitakuwa nimemzika mtoto mbele ya bibi yake. Tafadhali, baba, kaa kama mgeni, siku zipite."

Basi nakaa kama mgeni. Nanywea kikombe cha wageni, nalala kwenye kochi, kwa sababu kitanda changu cha zamani kimetandikwa na mto umepigwapigwa vizuri, kinamsubiri mwenyewe. Bibi akitaka kusema jambo la ndani anashusha sauti, kama watu wafanyavyo mbele ya wasiowajua. Kutwa anashona kwa mkono pindo la shuka, akimaliza mama mdogo anaenda uani kulifumua na kumrudishia shuka ileile, naye anaanza tena upya. Jua likifika kwenye dirisha la sebule, simu inawekwa juu ya kifuniko cha cherehani na yule mtoto anaanza kuongea, na mimi nimekaa kwenye kiti changu nikimsikiliza akinipokonya bibi.

Siku moja bibi aliniuliza, "Mgeni, una wazazi?"

"Mama yupo."

"Na bibi je?"

"Ninaye."

"Basi usiache kumsalimu. Bibi huumia."

Nikakiweka chini kikombe cha wageni.

Lililonifanya nikuandikie ni la juzi. Walikuwa wakizungumza kama kawaida, habari za shule, habari za mvua, mara yule mtoto akasema polepole, "Bibi, usimfungulie. Sauti yake nene. Anasema ni mimi. Si mimi." Mama mdogo aliidaka simu na kuizima, na baadaye aliniapia kwamba ule hakuuchagua yeye, simu ilijiendea yenyewe kwenye ujumbe uliofuata. Bibi aliiweka sindano chini. Aligeuza uso wake taratibu mpaka ukaelekea palepale nilipokaa, akasema, "Mgeni, bado upo?"

Nilibana pumzi. Sikumbuki kusema maneno yale maishani mwangu.

Tangu hapo nikibaki peke yangu najaribu kusema "Bibi, ni mimi" kwa sauti nyembamba, na haitoki, na kuna saa naamini kabisa kwamba mjukuu wa kweli ni yule wa kwenye simu, mimi ni kitu kilichokuja kimevaa nguo zake. Nifanye nini, mshauri? Nikisema, labda nitamvunja moyo asipone, na nikinyamaza nitaondoka bibi yangu akiwa hajui kwamba nilikuja, naye amedhoofika, sidhani likizo nyingine nitamkuta.

Ni mimi,
Mgeni Nyumbani Kwao

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, kwanza vuta pumzi, maana hiyo uliyoibana juzi naona hujaiachia mpaka leo.

Tuanze na hilo linalokunyima usingizi. Kiumbe chenye sauti nene kinachokuja mlangoni na kujidai ni ndugu, na mtoto aliye ndani anayeonywa asifungue: nani kati yetu hakusimuliwa hadithi ya zimwi la namna hiyo? Mtoto anayetuma ujumbe kila siku, siku nyingine hukosa habari, na akikosa habari hutoa hadithi. Ulikuwa ukimsimulia bibi yako, basi. Umesahau kwa sababu watoto husahau. Na hata kama ningekosea, wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, sembuse hili ambalo ni wewe mwenyewe.

Sasa nikugombeze kidogo. Sauti kunenepa ni ukubwa, si aibu. Bibi yako hana macho, alikuwa akikuona kwa masikio, nawe ukamzimia taa kwa sababu watoto wenzako walikuita Trekta. Trekta linalima, mwanangu! Ungemsalimu kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, angeizoea sauti yako ikikua, na leo usingekuwa unalala kwenye kochi.

Na wewe mama mdogo, najua gazeti hili litakufikia. Ulifanya kwa huruma, sikulaumu sana. Lakini umemwita mtoto wa nyumba mgeni mbele yake, na neno hilo hata mkubwa halimezi. Liondoe.

Sasa sikia. Usishindane na yule mtoto kwa kusema, kwenye sauti amekushinda tangu mlangoni. Tena kosa ulilifanya wewe mwenyewe: ulibisha hodi. Hodi ni neno la mtu wa nje, na bibi alikupokea vile ulivyojitambulisha. Mwenye kwao haombi kuingia.

Bibi yako ni fundi, na fundi asiyeona, macho yake yako kwenye vidole. Umeniandikia mwenyewe habari ya fundo lako kubwa kama punje ya mtama ukapita kama vile si kitu. Mwambie mama mdogo unachotaka kufanya, usimvizie. Asubuhi, bibi akiwa ameshakula, simu ikiwa mbali, ingia kwa mlango wa jikoni. Usiseme lolote. Kaa miguuni pake, chukua sindano, tunga uzi, funga fundo lile bovu la kitoto, umkabidhi, halafu ungoje. Asipolitambua, kaa hapohapo na umtungie tena. Na usimfute yule mtoto kwenye simu. Hana kosa, aliambiwa aongee akaongea.

Fanya hivyo kabla hujafunga begi.

MGENI AMEANDIKA TENA

Mpendwa mshauri, nimeona nikueleze ilivyokuwa.

Mama mdogo alilisoma gazeti kabla yangu. Alilitupa mezani akasema, "Yaani umenianika hadharani, wewe mtoto!" Alizunguka jikoni akigonganisha masufuria. Kisha akasema bila kunitazama, "Mlango wa jikoni nimeutoa komeo."

Bibi alipomaliza uji nilitoka nje nikaingia kwa mlango ule. Niliketi sakafuni karibu na miguu yake, nikaichomoa sindano kwenye shuka, nikaulamba uzi, nikafunga fundo, nikamwekea sindano mkononi. Alianza kushona. Kidole gumba kikateleza kwenye uzi mpaka mwisho, kikasimama. Alilibonyeza fundo, akaliviringisha.

"Nani amefunga mbuzi kwenye uzi wangu?" akasema.

Alinyoosha mkono akaupata uso wangu, akashuka nao mpaka shingoni, akauacha hapo.

"Sema."

"Bibi, ni mimi."

"Mimi nani?" akauliza, vidole vyake vikiwa kwenye koo langu. "Mbona umejificha kwenye koo la mtu mzima, mume wangu?"

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni, akaanza kulia na kuungama habari za simu. Bibi alimkatiza. "Kwani mimi mjinga? Jino gani hilo linang'oka kila wiki? Mtoto huyo angeshakuwa kibogoyo!"

"Sasa kwa nini ulikuwa ukimwitikia, mama?"

"Wewe ulikuwa unajitaabisha kuniwekea. Ningekuacha uone haya?"

Nikamuuliza kuhusu yale maneno ya usimfungulie. Akasema hadithi ile ni yake, alinipa yeye, nikamrudishia kwenye simu vipande vipande kwa sababu kila nikifika pale kwenye zimwi niliogopa kuendelea. Na siku ile aliyouliza kama bado nipo alitaka niseme neno, kwa kuwa alishaanza kudhani hatua zile ni zangu, ila akajiambia haiwezekani, mtu wake habishi hodi.

Jioni ile simu haikuwekwa juu ya cherehani. Lakini jua lilipofika kwenye dirisha bibi alisita, sindano ikiwa hewani, akainua kichwa kuelekea pale sauti ilipozoea kutokea. Sote watatu tulisikiliza. Kisha akaendelea kushona, na pindo lile hakuna aliyelifumua.

Nililala kwenye kitanda changu. Asubuhi bibi alinituma dukani kununua uzi mweusi. Nilikwenda, nikanunua, nikarudi kwa mlango wa jikoni, na sikubisha hodi.