Gauni Jeusi la Verna

Hollywood, 4 Machi 1938

Dada Hulda,

Salamu nyingi. Hamjambo huko Nebraska? Kifua cha Mama kinaendeleaje? Mimi mzima, ila miguu inaniuma kwa kusimama.

Nimemaliza sinema ya sitini na mbili. Mjane tena! Huku sisi waigizaji wadogo tunakuja na nguo zetu, na mwenye gauni lake la msiba ndiye anayeitwa kwanza. Mwambie Mama lile alilonishonea tulipomzika Baba limeshazika waume kumi na mmoja, wala halijachanika. Pasaka nakuja.

Mdogo wako,
Verna

20 Aprili

Mdogo wangu Verna,

Za siku? Sisi tupo, tunajikongoja. Pasaka imepita, kiti chako tulikiweka mezani.

Jumamosi nilimpeleka Mama kuona sinema yako moja. Ulipita na sinia ya chai ukasema, "Karibu, bwana," basi. Mama akapaza sauti, "Huyo wangu huyo!" Watu wakatunyamazisha, naye akagoma kutoka mpaka ionyeshwe tena.

Daktari anasema hatafika mavuno ya ngano. Mama anaomba jambo moja tu, uje umzike umevaa lile gauni. Anasema, "Nilimshonea azike watu wake, si waume wa watu." Usichelewe.

Dada yako,
Hulda

31 Mei

Dada yangu,

Mama ameamkaje? Usinikasirikie. Miaka kumi na minne naitikia "ndiyo, bwana," leo nimepewa sentensi sita za kusema! Ni tukio la mazishi, wiki ijayo, Jumanne hadi Alhamisi. Nikiondoka, wanawake ishirini wenye magauni meusi wako langoni. Tikiti ya treni ya Ijumaa ninayo. Mwombe Mama anisubiri.

Mdogo wako,
Verna

20 Juni

Dada,

Sijui nikusalimuje. Telegramu yako ilinikuta Jumatano nimeshavaa, nimesimama kando ya kaburi la uongo. "Mama amefariki. Tunamzika kesho." Hata ningepanda treni saa ile nisingewahi.

Alhamisi, saa mliyokuwa mnamzika, mwongozaji alinirudisha mara nne nilie upya. Akanisifu kwamba najua kulia. Sikumwambia mtu. Tikiti bado ninayo. Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Verna

13 Novemba

Verna,

U mzima? Miezi mitano sikukuandikia kwa hasira, na hasira bado ninayo.

Jana sinema yako ilifika. Nilikwenda nikuchukie vizuri. Sentensi zako wamezikata zote sita. Umesimama tu kaburini unalia, na kile kifungo cha koti la Baba alichokushonea Mama kifuani mwa gauni kinaonekana. Mchungaji Ekblad, aliyemzika Mama, akasimama. Ukumbi mzima ukasimama, kama siku ile ya mazishi kanisani. Nikalia kwa sauti, na safari hii hakuna aliyeninyamazisha.

Jiwe la kaburi hatujaweka. Nilikuwa nakungoja, ila sikutaka ujue. Njoo nalo gauni.

Dada yako,
Hulda