Pauni Iliyosuguliwa kwa Ukwaju

Kigombe, 20 Machi 2023

Mwanangu Sabiri,

Salaam nyingi. Sijambo, ila magoti yananisumbua, na masikio hayashiki tena simu, ndiyo maana naandika. Dada yako Zuwena kaniambia unakusanya pauni za dhahabu za Malkia Viktoria na umekosa ya mwaka 1887. Ninayo mimi. Ni mahari ya baba yako, Mungu amrehemu. Jirani yetu Hatibu, anayekuja huko Maskati kikazi, atakuletea. Nimeisugua kwa ukwaju na majivu hadi ikang'aa, wenzako wasije wakakucheka.

Mama yako


Maskati, 2 Juni 2023

Shikamoo mama,

Natumai u mzima. Mama, umeniharibia pauni! Dhahabu kongwe haisuguliwi. Wapimaji wa sarafu wameona mikwaruzo kwenye kioo chao cha kukuzia, wameandika "imesafishwa" na kuinyima daraja la ubora. Zangu zote zina daraja, kila moja ndani ya kisanduku chake. Hii nitaiweka wapi? Ungeniuliza kwanza.

Mwanao Sabiri


Kigombe, 18 Juni 2023

Marahaba mwanangu,

Magoti ni yale yale. Nimelia, sikufichi. Sikujua kuna watu wanaopenda dhahabu chafu. Lakini mikwaruzo hiyo si ya juzi. Umesahau? Utotoni, kila ikikaribia Idi ulikuwa ukininyang'anya kitambaa, ukaisugua ulimi nje, baba yako akicheka: "Wee, utamwacha Malkia hana pua!" Hao wapimaji wameona kazi ya mikono yako. Kama haina pa kukaa, irudishe. Ila unijibu, hata kwa ukali.

Mama yako


Maskati, 12 Machi 2024

Shikamoo mama,

Magoti yanaendeleaje? Miezi tisa nimekaa kimya kwa aibu. Leo nimeishika ile pauni, nikakumbuka harufu ya ukwaju hadi machozi yakanitoka. Sitaki daraja tena. Hatibu anakuja nayo. Idi ya mwakani, inshallah, nitakuja tuisugue wote. Nisamehe mama.

Mwanao Sabiri


Kigombe, 9 Aprili 2024

Kaka Sabiri,

Pole tena kwa msiba wetu. Siku ile kwenye simu ulilia tu, nikashindwa kukueleza. Hatibu alifika siku ya tatu baada ya maziko ya mama, barua yako nikaisoma mimi. Kila Ijumaa mama alinituma kwa kina Hatibu kuuliza kama umeandika. Nilikuwa nachoka, kaka, siku nyingine nikimdanganya kuwa nimekwenda.

Kesho Idi. Asubuhi nimeloweka ukwaju kwa mazoea, nikakaa nao mbele yangu. Pauni iko kabatini, ndani ya kanga ya mama. Sijaisugua.

Dada yako Zuwena