Memnemai mu Litania

Maman mupenzi,

Yambo sana toka Bukavu! Mvua inanyesha kila siku, hata ziwa imekuwa rangi ya chai ya hapa ku masomo.

Père wetu, padri mwenye kufundisha Kigiriki, alitufundisha verbe moja, kitenzi ya wazee wa Ugiriki: memnemai. Sura yake inasema "nilishaka kuiweka mu kichwa", lakini maana yake ni "ninakumbuka sasa". Akasema mwenye kuisahau, siku ya Mungu, kisha misa, atakula fufu bila nyama. Basi classe yote tukaishika kwa kuiimba na sauti ya litania ya Bikira Maria.

Siku ya Mungu, Père yule yule akaimba litania mu kanisa. Watu wakajibu "ora pro nobis", ni kusema "utuombee". Sisi, midomo ilishazoea, tukajibu kwa nguvu: "Memnemai!" Ba maman wa mbele wakageuka, mumoja akafanya alama ya musalaba. Nikasema mu roho: nyama imekwenda.

Lakini Père alificha uso mu kitabu, mabega inatetemeka na kicheko. Ku meza, nyama ilifika.

Haikukuwa na chumvi, Maman. Sombe yako, ile majani ya muhogo, ndiyo niliweka mu kichwa zamani, na mpaka leo haijatoka.

Mungu akulinde mpaka nirudie ku chungu yako.

Mutoto wako, Déo