Matundu Manne kwa Nje

Jumatatu, 4 Machi
Kazi mpya: milango ya lile jumba la mlimani. Vyumba kumi na viwili juu. Mwenye jumba analifanya nyumba ya wageni. Mlinzi, mzee wa maneno, kanipa historia bila kuombwa. Lilijengwa na tajiri, akafilisika, daktari akalinunua na kulifanya hospitali yake binafsi ya akili. Baadaye ofisi. Baadaye popo. Sikumwambia kwamba shangazi yangu alilazwa humo miezi saba. Yanamhusu nini!

Jumanne, 5 Machi
Nimekwangua rangi mlango wa kwanza. Nyeupe, kijani, nyeupe tena. Chini yake matundu manne ya skrubu, yamejaa rangi. Palikuwa na komeo — upande wa nje! Wa pili vilevile. Yote kumi na miwili.

Miaka yote shangazi anasema walikuwa wakifungiwa kwa nje. Baba, aliyempeleka, humkatiza hata mbele ya wageni: milango ilikuwa wazi, dada, ni ugonjwa tu huo. Na sisi watoto tulicheka. Mimi nilicheka. Naona aibu.

Alhamisi, 7 Machi
Mwenye jumba kasema nizibe matundu yote leo, wageni hawataki kuona mambo hayo. Nimeziba milango kumi na mmoja. Wa mwisho nimeuacha, nikasingizia puti ya kuzibia imeisha. Jioni nimemweleza shangazi. Kauliza kesho naingia kazini saa ngapi.

Ijumaa, 8 Machi
Shangazi kaja na baba! Kamdanganya kwamba nimeanguka ngazini — mama huyu! Baba kapanda juu anahema. Kunikuta mzima, kafura. Shangazi hana habari naye, anapitisha kidole kwenye matundu ya ule mlango niliouacha, moja moja. Baba katazama. Kasema labda palitundikwa taulo.
Taulo! Mlangoni, kwa nje! Nimemwambia: baba, mimi fundi. Hilo ni komeo.
Shangazi kamwomba aingie aone dirisha. Kaingia. Shangazi kausukuma mlango ukafunga, kauegemea kwa mgongo. Kwa kilo alizonazo, hatoki mtu.

Naandika nimekaa kwenye debe la rangi. Baba anagonga — mwanzo kwa kidole, sasa kwa kiganja. Anamwita dada yake, ananiita mimi. Shangazi kaniuliza kama kuna chai kwenye chupa. Nimemmiminia.