Kwa Koku, Aliyecheka Kabla ya Mwisho

Koku wangu,

Jumamosi nilikwenda Muleba, nyumbani kwenu, kumwambia mama yako kwamba podikasti yetu naifunga. Nakuandikia na wewe kwa sababu nusu yake ni yako, na hata marehemu ana haki ya kupewa taarifa. Najua ungesema naleta urasimu. Acha niulete.

Tulianza na simu yangu yenye kioo kilichopasuka, katika chumba nilichopanga Kashai, tukiwa chini ya blanketi ili mvua juu ya bati isisikike. Ilisikika. Wasikilizaji wa mwanzo walidhani tunakaanga kitu. Tulikuwa tumechekeshana tangu darasa la kwanza, na tulitolewa nje mara nyingi kwa kosa hilo hilo, kwa hiyo kazi ilionekana rahisi: kusema yale yale, safari hii bila mwalimu.

Kilichotuponza ni tabia yako ya kucheka kabla kisa hakijaisha. Nakijenga taratibu, nakaribia mwisho, wewe umeshaangua kicheko, na mwisho wenyewe hausikiki. Nililalamika sana. Ulinijibu kwa utulivu kabisa, "Nakujua tangu utotoni. Unataka nisubiri nini?"

Halafu ikaja siku ile tulipomwalika shangazi yangu kutoka Kaagya, atusimulie jinsi Wahaya tunavyojisifu. Akakataa kuanza kabla ya salamu. Akakusalimia wewe, akanisalimia mimi, akauliza habari za nyumbani, za migomba, za kila mgonjwa anayemfahamu. Kisha akataka kujua hao wanaosikiliza ni akina nani. Tukamwambia hatuwajui. Akawasalimia hivyo hivyo, kwa Kihaya, akanyamaza kusubiri waitikie. Sisi tunatazamana, yeye anasubiri. Mimi nilitaka ule ukimya tuukate. Wewe uliuacha wote. Watu wakatuandikia kutoka kila upande wakiitikia salamu za shangazi, na tangu hapo kila kipindi ulikianza wewe: unasalimia, unanyamaza, unawaachia nafasi yao.

Ulipougua tulirekodi kidogo ukiwa kitandani. Kikohozi kilikuwa kinaingia katikati ya kicheko. Kipindi hicho sijakitoa kwa watu na sina mpango wa kukitoa.

Baada ya kukuzika pale kwenye kibanja chenu, katikati ya migomba, nilijaribu peke yangu. Visa vyangu vilifika mwisho salama, kila neno likasikika, na havikuchekesha. Wasikilizaji walikuwa na adabu, hawakusema kitu. Ndipo nikaamua.

Mama yako nilimkuta jikoni anamenya ndizi, simu iko pembeni juu ya jani la mgomba. Sauti yako ikatoka humo. Ulisalimia, ukanyamaza. Mama yako akaitikia bila kuinua macho, kisu hakikusimama, na wewe ukaendelea na kipindi.

Nilisimama mlangoni muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mgeni. Aliponiona alinikaribisha, akaniambia husikiliza hivyo kila asubuhi, lakini vipindi vyote ameshavimaliza na anarudia. Akaniuliza, "Mwana wange, mbona hamleti vipya?"

Nikamweleza nilichokuja kusema. Nikamwambia kisa kinahitaji mtu wa pili, mimi peke yangu naongea tu kama mtangazaji wa matangazo ya vifo. Ili anielewe, nikamtolea mfano wa ile siku uliyojaza senene hai kwenye mfuko wa sare ya shule, ili tule wakati wa mapumziko. Nilianza taratibu, kama kawaida yangu. Ukakaa kwenye dawati. Mfuko ukaanza kutikisika. Mwalimu akageuka.

Sikumfikisha mwalimu popote. Mama yako alikuwa ameshaanza kucheka, mkono mmoja umeshika kisu, mwingine umeshika ubavu, na sehemu yote iliyobaki haikusikika.

Nilikasirika kidogo, kama zamani. Kisha nikalia, na yeye akaendelea kucheka huku akinisogezea kisu kingine na ndizi za kumenya. Nimekukosa, Koku. Sikujua nimekukosa kiasi hicho mpaka pale.

Basi podikasti haikufungwa; mtu wa pili nimempata jikoni kwenu. Ilibidi ujue.

Pumzika vizuri. Mwisho wa visa vyangu bado hausikiki.

Ni mimi,
mwenzako wa chini ya blanketi