Paja la Krastyo

Asenovgrad, Septemba

Wifi Penka,

Huku tu wazima, na pilipili hoho za kuchoma mwaka huu zimejaa mpaka kwenye ngazi. Kaka yako Krastyo anatembea, ila mdomo haupumziki.

"Niliwapa pua," anamwambia kila jirani, "wao wakanichana paja! Hawa ni madaktari au wachinjaji?"

Watu wanacheka, naye anazidi kuchechemea.

Nikuambie lililotokea, maana tulipoongea kwenye simu alikuwa pembeni yangu. Daktari Mileva alikuwa akimtoa vinyama puani kwa kamera nyembamba, mara mshipa mkubwa unaopanda shingoni kupeleka damu ubongoni ukapasuka. Damu ikafunika kila kitu. Mwenzake akawa anaivuta kwa mrija, daktari akakata kipande cha nyama pajani mwa Krastyo, kikapondwa, akakigandamiza juu ya tundu mpaka kikashika. Baadaye daktari alitueleza sote wawili bila kuficha, macho mekundu. Krastyo akamuuliza jambo moja tu: "Na mguu utapona lini?"

Tangu hapo habari yake ni mguu. Nikamwona hana shukrani, hata nikamkemea: "Mwanamume mzima! Mshukuru basi yule mama daktari."

Jana nilimpelekea kahawa bustanini. Alikuwa amekalia ndoo, vidole viwili shingoni penye mapigo, ametulia kama anayesikiliza redio ya mbali. Aliponiona akashusha mkono haraka, akashika paja.

"Linauma," akasema.

Nikakaa chini karibu naye, nikampa pole ya paja.

Wifi yako,
Zlatina