Mfuniko Wako Uko Chini ya Mguu wa Kitanda

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumanne asubuhi

Mpendwa mdogo wangu Kibonge,

Nianze kwa salamu kabla hasira haijanipokonya kalamu. Hujambo? Shemeji yangu hajambo? Wanangu nao wanaendeleaje huko? Na lile goti uliloumia ulipoteleza kwenye barafu, siku hizi linakukubalia kupanda ngazi? Nijibu yote, hata la goti. Mimi nikimuuliza mtu habari zake huwa nataka kuzijua.

Mimi si mzima. Hilo nitalifikia. Mkono unatetemeka, kwa hiyo ukiona mstari unapanda mlima usidhani nimelewa.

Kwanza habari ya mfuniko wako. Umeruka. Ijumaa mchana nilikuwa nimejilaza, na ndoo ya bia ilikuwa mahali pake pa siku zote, kwenye kona karibu na kichwa cha kitanda, kwa kuwa chumba hiki ndicho chenye joto lisiloyumba. Mwanangu alikuwa ameifunika kwa mmoja wa ile mifuniko minne mipya uliyotuma, akaukandamiza mpaka ukalia ta! pande zote. Katikati ya mfuniko kuna tundu, na kwenye tundu kulikuwa na kizibo chekundu cha mpira. Yeye ni seremala. Akiona kitu kimekaa sawasawa hakigusi. Hakujua kwamba kizibo kile ni cha safarini tu, na kwamba mahali pake kinakaa kile kidude cha maji cha kupitishia hewa, ambacho wewe ulikitia kwenye mfuko mwingine bila hata neno moja la maelezo. Bia ikachacha, gesi ikakosa njia. Mfuniko ukapiga dari, ukarudi ukaniangukia miguuni, na povu likanilowesha kuanzia shingoni.

Jirani yangu fundi cherehani alisikia kishindo akaja mbio, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Akasimama mlangoni akinitazama.

“Mwalimu, umelowa mwenyewe au umeloweshwa?”

“Nimeloweshwa na mdogo wangu,” nikamwambia, “na yuko ng'ambo.”

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nami nilicheka, mbavu zikaniuma hadi jioni. Kwa hiyo ujue hasira yangu haikutoka kwenye povu. Ningeweza kukusamehe dari, shuka na godoro.

Hasira ilikuja mwanangu alipokupigia simu kukueleza. Aliweka sauti ya wote kusikia, nami nilikuwa pale pale, nimefungwa kanga kavu. Ukamwambia, “Mtakuwa mmekosea tu. Huko kwenu usafi bado ni tatizo. Si ndiyo maana nikawaambia muache mambo ya kufunika ndoo kwa nailoni?”

Huko kwenu! Kibonge, wewe umezaliwa katika chumba hiki, kwenye kitanda hiki hiki ninachokalia nikikuandikia. Umejifunzia kutembea kwa kushika ukingo wa ndoo ile. Leo hapa pamekuwa “huko kwenu”?

Na usafi unaousema ni upi? Umesahau mama alivyoimwagia ndoo maji ya moto mpaka mvuke ukatufukuza chumbani? Umesahau alivyotukagua kucha kama askari kabla hatujagusa kimea? Nailoni yake ilikuwa safi kuliko sahani tulizolia. Aliitandaza juu ya ndoo, akaikaza kwa ukanda wa mpira aliokata kwenye tyubu ya baiskeli, basi. Nimefundisha sayansi maisha yangu yote ya kazi, na sijapata kuona chombo chenye akili kuliko kile. Gesi ikizidi ndani, inaunyanyua ukingo wa nailoni, inatoka, ukingo unalala tena. Ya ndani inatoka na ya nje haiingii. Hakuna cha kuziba wala cha kusahau kukichomoa.

Na juu ya hayo, inaonekana. Povu likipanda unaliona bila kufunua. Mama alipoanza kupoteza macho ikawa pia inasikika. Alikuwa anaigonga kwa ukucha: ikilia kama ngoma, bia bado inafanya kazi, ikinywea na kunyamaza, tayari. Wewe ndiye uliyekuwa ukiitegea sikio na kupiga kelele, “Mama, inaongea!” Ulichapwa kofi kwa kuipigia ngoma, ukalia, na kesho yake ukarudi kutega sikio. Mtu huyo ndiye leo ananiambia niache mambo ya nailoni.

Sasa nifike kwenye langu, maana sitaki kwenda na hasira ya upande mmoja.

Nilikudanganya. Ule mfuniko wa kwanza ulionitumia mwaka juzi sijautumia hata mara moja. Uko chini ya mguu wa kitanda, ule mguu mfupi, na umekifaa kitanda kweli kweli. Uliponipigia kuuliza, “Dada, mfuniko vipi?” nilikujibu bia haijawahi kutoka safi namna ile. Ulifurahi kama mtoto. Wiki iliyofuata ukapiga tena, “Mfuniko vipi?” Nikakupambia tena. Ukaeneza kwa ndugu wote kwamba umemstaarabisha dada, ukatuma mingine minne, na ukamwamuru mwanangu aichome nailoni kwa kuwa mama yake mwenyewe amekiri. Maskini, alijua mfuniko ulipo, maana ndiye aliyenyanyua kitanda nilipouweka. Lakini hakutaka kumwumbua mama yake kwa mjomba wake. Akatii. Basi ule mlipuko nusu yake ni wangu.

Unataka kujua kwa nini nilidanganya? Kwa sababu kabla ya mfuniko hukuwa ukipiga simu. Ningesema ukweli, ungeniuliza nini tena? Miaka hii miwili nimekuwa nakutungia sifa za kipande cha plastiki ili nisikie sauti ya mdogo wangu. Nilikuwa napanga usiku cha kukueleza, povu lilivyokuwa, rangi ilivyokuwa. Na wewe ulikuwa unasikiliza, unauliza, unacheka. Ukimaliza habari za mfuniko unasema, “Haya dada, na wewe mzima?” na kabla sijavuta pumzi, “Haya, baadaye.”

Hili ndilo linaloniunguza, Kibonge. Mfuniko umeujulia hali kuliko mimi.

Maana mimi nina uvimbe tumboni. Daktari amesema hakuna cha kukata wala cha kutibu, ni kutuliza maumivu tu. Aliniambia mvua zilipoanza. Tangu hapo umepiga simu mara nyingi na kila mara nimekuwa na jibu mdomoni, ila swali halikukaa kulisubiri. Nilimkataza mwanangu asikwambie. Nilitaka uniulize wewe, na unyamaze unisikie. Ulikuwa ukaidi wa kizee, najua, nami umeniponza. Basi nimekwambia bila kuulizwa.

Bia ile iliyomwagika nilikuwa nimeitengeneza ili watakaokuja kunizika wapate cha kunywa wakinisema. Mwanangu alitaka tuache. Nikamwambia aioshe ndoo kwa maji ya moto kama bibi yake, akaiosha. Nikakaa kwenye kiti nikimwelekeza, tukaanza upya, kimea, sukari, hamira. Nailoni mpya nimeitandaza mwenyewe. Kukaza mpira sikuweza, vidole vimekataa. Amekaza yeye, na amejifunza sasa.

Leo imevimba vizuri, inang'aa kama shavu lako la utotoni. Itanyamaza siku si nyingi, na mimi vivyo hivyo. Sijui nani atamtangulia mwenzake. Njoo. Panda ndege na goti lako hilo hilo. Usilete mfuniko, usilete hata soksi, njoo mikono mitupu. Uje ukae kwenye kona hii, utege sikio, halafu unigeukie uniulize habari zangu. Ukinikuta bado nina hasira nitakuchapa kofi, kisha tutakunywa.

Mwanangu anakusalimu, anaogopa umemkasirikia kwa ajili ya mfuniko, mwondoe hofu. Mkewe anakusalimu. Jirani fundi cherehani anasema akikuona atakupima suti ya kuzuia povu. Nisalimie shemeji na wanangu wote, na yule wa mwisho mwambie shangazi yake alitamani kumwona meno ya mbele yakiota.

Mungu akufungulie njia, akulinde angani na ardhini, na goti lako alishike yeye mwenyewe.

Ni mimi nikupendaye, hata leo nikiwa na hasira zote hizi,
Dada yako

Nimenyoosha mkono sasa hivi nikaigonga kwa ukucha. Bado inaongea. Fanya haraka.